Oscar za mwaka huu zimeangukia kumi la mwisho, shangazi nishauri

Assalaam alaykum shangazi, khabari za funga. Miye ni msomaji wako wa siku nyingi, huwa nasoma barua za wenzangu nacheka peke yangu jikoni, leo nimefikwa na langu na wala silijui niliweke fungu gani, la ndoa au la dini au ukorofi wangu tu, nisomee mpaka mwisho halafu ndio uniseme.

Nimezaliwa Unguja mjini, Kikwajuni, nikaolewa mwaka jana baada ya Idd ndogo, sasa niko Chake Chake ukweni, nyumba moja na mamkwe, mume wangu na shemeji yangu mdogo anaesoma kidato cha pili. Sina kesi na mtu humu ndani. Mamkwe ananiita mwanangu na anamaanisha, mume hanikeri wala haninyimi, hata bando langu la mwezi ananunua yeye, kwa hiyo usije ukanambia nirudi kwetu.

Tatizo ni tuzo za Oscar, zile za filamu kule Marekani. Najua ushaanza kucheka.

Filamu ndio maradhi yangu tokea utotoni, marehemu baba alikuwa anatupeleka Ngome Kongwe kila likifika tamasha la ZIFF, unakaa pale nje kwenye mawe unaangalia filamu za Senegal, za Iran, za India, huku paka wa Mji Mkongwe wanakatiza mbele ya skrini, na kuanzia hapo sikupona. Wenzangu huku Pemba wanangoja msimu wa karafuu, miye nangoja msimu wa tuzo. Januari Golden Globes, kisha yanatajwa majina ya Oscar, Februari BAFTA kule Uingereza, Machi ndio Oscar wenyewe, na katikati hapo nahangaika kutafuta filamu zilotajwa nizimalize kabla ya usiku wenyewe, naandika kwenye daftari nani atashinda na nani alostahiki kushinda maana hivyo ni vitu viwili mbali mbali. Mwaka huu hata wapiga kura wenyewe wamewekewa sharti, huruhusiwi kupiga kura ya mwisho kwenye kipengele ambacho hujaangalia filamu zake zote. Tuzo zinatolewa tokea 1929, leo ndio wanaambiwa waangalie kwanza! Miye naangalia bila ya kulazimishwa na mtu.

Na mume wangu haya yote alikuwa anayajua. Wakati wa uchumba ndie alokuwa ananitumia trela, tena siku moja akanieleza kwa kituo kabisa kwa nini Parasite ya Korea ilichukua filamu bora mwaka 2020, filamu ya mwanzo isokuwa ya Kiingereza kuipata, baadae nikaja kugundua alisoma mahala muda huo huo kabla hajanipigia. Nilifurahi hivyo hivyo, mwanamme anaedurusu kwa ajili yako si haba.

Mwaka jana nilikuwa bado kwetu. Tuzo zilianza saa tisa usiku kwa saa zetu, usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi, Ramadhani ndio kwanza imeingia, mama akanikuta sebuleni na simu akasema afadhali uko macho, njoo upashe uji. Filamu ya Anora inaanza kuzoa tuzo huku nakoroga uji wa pilipili manga. Hakuna alosema neno.

Sasa mwaka huu, shangazi. Tuzo ni Jumapili tarehe 15 Machi 2026 kule Los Angeles, kwetu inakuwa Jumatatu tarehe 16 saa nane za usiku. Ni kumi la mwisho la Ramadhani hilo. Tena si kumi la mwisho tu, unajua huku kwetu mwezi haukosi mivutano, waloanza kufunga Jumatano wanahesabu kuwa huo ndio usiku wa mwezi ishirini na saba, unaotarajiwa kuwa Laylatul Qadr. Na sherehe yenyewe inakwenda masaa matatu na nusu na zaidi, filamu bora inatangazwa mwisho kabisa, adhana ya alfajiri huku inaingia saa kumi na moja na robo hivi, yaani ukipiga hesabu vizuri wanafungua ile bahasha na muadhini anashika maiki. Kama kuna mtu alikaa akapanga basi asingeweza kupanga vibaya zaidi.

Mume wangu kumi la mwisho anakwenda msikitini kusimama usiku, anarudi daku. Nilipomtajia tarehe akanyamaza kidogo akasema, "Mimi sikukatazi, pima mwenyewe." Wallahi ningependa anikataze. Akinikataza ntanuna siku mbili yakaisha, lakini sikukatazi ya mume inakukaa kifuani kama mfupa wa samaki. Baadae akaongeza kuwa zile nguo za kwenye zulia jekundu si za kuangaliwa usiku kama ule, nikamwambia miye zulia silitaki, nataka bahasha, akasema haya.

Na hapa ndio kuna kitu kinaniwasha. Mechi za klabu bingwa Ulaya zinaanza saa tano usiku, zinaisha saa saba, Ramadhani hii hii, na yeye na wenzake wako maskani wanaangalia na makelele yanafika mpaka huku ndani. Hakuna anaeambiwa apime mwenyewe. Nilimwambia, akacheka, akasema mpira unaisha kabla ya daku na miye changu kinaingia ndani ya alfajiri. Jibu sikuwa nalo, maana kwa saa amesema kweli, lakini kwa haki bado sijaridhika.

Kulikuwa na jengine dogo la pesa. Grupu letu la WhatsApp la tulosoma pamoja kila mwaka tunabashiri washindi, mwaka huu mtu akaleta wazo kila memba atoe elfu tano na atakaepatia zaidi azichukue zote. Mume akasema hiyo kamari. Hilo sikubishana nae, hata miye niliona vile vile, nikawaambia na sasa tunabashiri bure, atakaeshindwa anawapikia wenzake Idd pili. Limekwisha hilo.

Lilobaki ni shemeji. Huyu mtoto anapenda kamera, anapiga picha kila kitu kwa simu ya kaka yake, ndie mtu wa pekee humu ndani anaenisikiliza. Siku moja kaniuliza kwani sisi hatujawahi kupeleka, nikamwambia mwaka 2022 Tanzania ilipeleka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, imetoka kwenye kitabu cha Adam Shafi na imepigwa Unguja, haikuingia kwenye tano za mwisho lakini ilikwenda. Nikamwambia na yule Rami Malek alopata Oscar 2019 aliipata kwa kumuigiza Freddie Mercury, mtoto alozaliwa Mji Mkongwe pale pale. Alikuwa hajui. Sasa akataka kuelewa filamu bora inapatikana vipi, kwa sababu hiyo haihesabiwi kama tuzo nyengine, kule mpiga kura anazipanga filamu kumi kwa daraja, ya kwanza mpaka ya kumi, ilopata kura chache za kwanza inatolewa na karatasi zake zinakwenda kwa chaguo linalofuata, hivyo hivyo mpaka moja ivuke nusu. Haelewi. Nikamwambia lete karatasi, tupige kura ya futari.

Tulikuwa saba siku hiyo, wifi kaja na wanawe. Muhogo wa nazi ukatangulia kwa kura tatu, mkate wa kumimina mbili, ndizi moja, majimbi moja. Tukatoa ndizi, alochagua ndizi chaguo lake la pili kumimina. Tukatoa majimbi, nae vile vile. Kumimina ikashinda kwa kura nne na muhogo ukabaki na tatu zake. Mamkwe aliutaka muhogo. Akasema kura zimeibiwa, kila mtu kaona muhogo ndio ulokuwa mbele, na wifi akacheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo tulikuwa na raha. Lakini usiku nikamsikia mamkwe anamwambia mume wangu taratibu kuwa mkeo mzuri, ila huyu mtoto ana mtihani mwaka huu, asije akafanywa akawa mtu wa masinema.

Nae shemeji keshaniomba nimuamshe saa nane.

Utaniuliza kwani lazima iwe mwaka huu. Mume kaniuliza hivyo hivyo, na ana hoja, maana mwakani tuzo ni tarehe 14 Machi na kwa hesabu Idd itakuwa ishapita, hakuna daku wala kisimamo, nikeshe nnavotaka. Lakini tuzo si sikukuu kuwa inarudi ile ile. Mwaka huu kuna Sinners ya Ryan Coogler, imetajwa mara 16, hakuna filamu ilowahi kufika hapo, rekodi ilikuwa 14 na waliishika watatu, All About Eve, Titanic na La La Land. Na kwenye upigaji picha kuna mwanamke alopiga hiyo hiyo Sinners, Autumn Durald Arkapaw. Tokea tuzo zianze mpaka mwaka jana hakuna mwanamke alowahi kushinda kipengele hicho, hata mmoja. Akiitwa jina lake usiku ule nataka niwe macho, na kusema kweli nataka shemeji awe macho pia, ajue mtu nyuma ya kamera nae anaitwa jukwaani. (Mamkwe nimemwambia tu ni filamu ya ndugu pacha wa Marekani zamani na muziki wao. Sikumwambia kuwa wanaingia viumbe wanyonya damu usiku, Pemba hii, Ramadhani hii, hapana.)

Nimefikiria kuangalia marudio asubuhi. Wenye kusema hivyo hawajui grupu letu, ukifungua simu kutizama saa tu ushaambiwa kila kitu, na nikiizima simu mama kule Unguja atadhani nimekufa. Nimefikiria nisali zangu mpaka saa nane halafu niangalie kwa simu chumbani kimya kimya na spika za masikioni, lakini kujificha ndani ya nyumba ya watu sikupendi, siku mtu akifungua mlango nitaonekana nafanya kitu kibaya zaidi ya nnachofanya. Nimefikiria pia kuacha. Kusema haki usiku wenyewe ukiukumbuka vizuri hata miye roho inanisuta kidogo, mwezi ishirini na saba hauji kila mwezi. Halafu namkumbuka yule mwanamke na kamera yake, narudi pale pale.

Mamkwe juzi tunachambua mchele kaniuliza, "Mwanangu, hizo tuzo wewe wakupa nini?" Nikabaki na ungo mkononi.

Sasa nnachotaka kwako ni hiki. Kwanza, nimwendee mamkwe nimwambie wazi kuwa usiku ule ntasali halafu ntaangalia, au kwa mke mgeni hayo ni maneno makubwa na yapitie kwa mume? Pili, kuna ubaya gani nikiangalia kuanzia saa nane mpaka saa kumi, kisha nikafunga simu nikaandaa daku na kusali, hiyo filamu bora nije kuambiwa na shemeji? Mume nikimpa rai hiyo nadhani atalainika, lakini sitaki ionekane namfanyia biashara kwenye ibada. Tatu, huyu mtoto nimuamshe au nimuache alale? Nikimuacha hatonisamehe, nikimuamsha mama yake ndie hatonisamehe.

Tafadhali nijibu kabla ya tarehe 15, na kama jibu lako ni niache kabisa nieleze na sababu, ile ya kuwa filamu ni upuuzi nshaisikia nyumba nzima. Ukiwa na nafasi nambie na wewe unampa nani muigizaji bora wa kiume, miye nimemuandika Michael B. Jordan, kaigiza pacha wote wawili peke yake.

Miye mke mgeni,
Chake Chake, Pemba