Taa janja zinazosumbua: tuvute nyutro hadi kwenye swichi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wenye nyumba wa Mwanza, hasa wanaojenga sasa hivi Buswelu, Nyegezi na Kisesa, kuhusu taa janja zinazowashwa kwa simu au kwa sauti. Malalamiko ni yale yale: taa haitii simu, spika ya kupokea amri za sauti inasema kifaa hakipatikani, balbu inapepesa yenyewe alfajiri. Mtu anaitupa, ananunua nyingine, na shida inabaki palepale. Mara nyingi balbu ni nzima.

Anza kwa kutenganisha. Simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, fungua programu ya balbu ujaribu kuwasha na kuzima. Ikitii huko lakini spika ikagoma, usiiguse balbu. Tatizo liko upande wa sauti. Programu ikionyesha kwamba taa haipo hewani, tazama ruta (kifaa kinachotoa Wi-Fi) na umeme.

Upande wa sauti hauna mambo mengi. Spika za Google na Alexa hazipokei amri za Kiswahili, kwa hiyo taa uliyoipa jina la "Sebuleni" inasikika kwao kama kelele. Chagua jina ambalo sikio la Kiingereza nalo litalidaka: "Sofa" linafaa sana. Usiipe taa jina lilelile la chumba. Ukibadili jina au nenosiri kwenye programu ya balbu, vunja muungano wake na spika kisha uunganishe upya. Spika isikae chini ya pangaboi wala ubavuni mwa televisheni. Na bando likiisha sauti nayo imeisha, maana amri yako huenda kwanza kwenye kompyuta za kampuni nje ya nchi ndipo irudi nyumbani.

Kwenye ruta, jambo la kwanza ni masafa. Balbu nyingi za Wi-Fi zinatumia gigahezi 2.4 peke yake. Ruta inayotoa 2.4 na 5 kwa jina moja huwa chanzo cha balbu kukataa kusajiliwa: zima 5 kwa muda, sajili balbu, kisha irudishe. Aina ya usalama wa Wi-Fi iwe WPA2, kwa kuwa balbu nyingi hazielewi ile mpya zaidi, WPA3. Chaneli, yaani njia ya mawimbi, iwe 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza. Ukibadilisha ruta, ipe mpya jina na nenosiri la ile ya zamani, herufi kwa herufi, na taa zote zitarudi zenyewe. Kifaa kidogo cha intaneti cha mfukoni hakifai kubeba nyumba nzima. Vingi vinakubali vifaa kama 10 tu, na simu za familia peke yake zinakaribia idadi hiyo.

Nyumba za mlimani, kama za Bugando au Capri Point, zina shida yake. Jiwe kubwa au ukuta wa mawe ukikaa kati ya ruta na taa, mawimbi hayapenyi vizuri. Pima nguvu ya Wi-Fi kwa programu ya simu, umesimama chini ya taa yenyewe: ukisoma -67 dBm umekaa vizuri, ukisoma chini ya -75, kama -80, taa itapotea kila mara. Hapo sogeza ruta au ongeza kituo cha pili cha Wi-Fi.

Sasa tufike kwenye umeme, ambako mji wetu unaumia zaidi. Balbu janja nyingi hufutwa kumbukumbu kwa kuwashwa na kuzimwa haraka mara tatu hadi tano. Ndivyo zilivyotengenezwa. Umeme ukikatika na kurudi mfululizo wakati wa mvua ya radi kutoka ziwani, balbu inadhani mwenye nyumba ameamuru ifutwe. Asubuhi unaikuta inapepesa harakaharaka, ikisubiri kusajiliwa upya. Watu huita hiyo imeungua. Tena mgeni akizima swichi ya ukutani kwa mazoea, balbu inakosa umeme kabisa, na hakuna simu wala sauti itakayoiamsha.

Dawa ni kuhamisha akili kutoka kwenye balbu kwenda kwenye swichi. Swichi janja hutumia balbu ya kawaida ya bei nafuu, inabonyezwa na mtu yeyote, na nyingi hufutwa kwa kushikilia kitufe sekunde kadhaa, kwa hiyo umeme kuchezacheza hakuzivurugi. Lakini inahitaji kula umeme muda wote, na hapo ndipo nyumba zetu zinapokwama: kwenye kisanduku cha swichi mafundi wengi hushusha laivu (waya unaoleta umeme) na waya wa kurudi kwenye taa tu. Nyutro, waya unaokamilisha njia ya umeme, haipo.

Zipo swichi zisizohitaji nyutro. Zinapitisha umeme kidogo kwenye taa ili zenyewe ziishi, na balbu ya LED ya wati 5 au 9 huanza kupepesa, au inabaki na mwanga hafifu usiku kucha. Ikitokea hivyo, funga kwenye holda ya taa, kati ya laivu inayotoka kwenye swichi na nyutro, ile kapasita iliyouzwa pamoja na swichi.

Jambo moja tunalisema kwa nguvu zote: waya wa ethi (wa kwenda ardhini) usitumiwe kamwe kama nyutro. Taa itawaka, lakini ethi ikikatika, chuma cha pasi au jokofu kinaweza kumuua anayekigusa. Wala usiazime nyutro ya saketi ya soketi.

Anayejenga amwambie fundi kabla ya lipu: kila swichi ya taa ishuke na nyutro ya saketi hiyohiyo, waya wa milimita mraba 1.5, ndani ya kisanduku cha plastiki chenye kina cha milimita 35 au zaidi. Visanduku vya chuma vinapunguza nguvu ya mawimbi. Akishapiga lipu, kazi hiyohiyo itadai kuchimba kuta upya.

Mafundi umeme,
Buzuruga, Mwanza