Ndevu za bosi wako

Mwanangu,

Salamu kutoka Bungoma. Sisi wazima, mvua imeshika, mahindi yamefika magotini.

Ujumbe wako niliusikiliza mara mbili. Unasema bosi wako Myahudi hapo shambani alifiwa na babake, na tangu amalize zile siku 7 za kukaa chini, shiva, anakuja kazini ndevu zimemjaa kama mtu aliyetoka porini, nawe nusura umwambie kwamba kwenu ulikuwa kinyozi. Afadhali ulinyamaza.

Unakumbuka tulipomzika babu yako? Siku ya tatu tuliketi chini ya mwembe tukanyolewa vipara, mmoja baada ya mwingine, ukalia kwa sababu wembe ulikuwa butu. Wayahudi ni kinyume chetu. Kujinyoa upara kwa ajili ya maiti, Torati inawakataza. Soma Kumbukumbu la Torati 14:1. Mfiwa wao huacha nywele ziote. Marabi, walimu wao wa dini, waliichota kanuni hiyo kwenye Walawi 10. Nadabu na Abihu walipokufa, Musa alimkataza Haruni na wanawe waliobaki wasiziache nywele zao ziote, wasije wakafa. Marabi wakasema: ikiwa hao ndio waliokatazwa, basi mfiwa mwingine yeyote aziache. Nilipoisikia hoja hiyo mara ya kwanza, nikisoma Jerusalem, nilicheka. Siku hizi sicheki.

Akifa mke, ndugu au mtoto, wembe na mkasi huwekwa kando siku 30. Baba na mama ni habari nyingine. Hapo Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi, haitaji idadi ya siku, inasema mpaka wenzake wamkemee. Yaani hata siku 30 zikipita, hanyoi hadi mtu amwambie, "Wewe, hebu jitazame!" Hajiamulii mwenyewe. Wengi wenye asili ya Ulaya Mashariki hukadiria miezi 3. Wengine, siku 30 zikiisha na wakakemewa, hunyoa. Sharubu tu, zikimwingilia mdomoni akila, anaweza kuzipunguza baada ya zile siku 7. Hawa watu hawakusahau kitu!

Na usidhani kila mwenye ndevu majira haya amefiwa. Baada ya Pasaka yao wengi hawanyoi hadi siku ya 33 ya Omeri, yaani zile siku 49 wanazohesabu kuanzia Pasaka, wakiwaombolezea wanafunzi wa Rabi Akiva, mwalimu wao wa kale.

Najua utaniuliza kama wewe, kibarua wake, unaweza kuwa huyo wa kumkemea. Usianze wewe. Siku 30 huhesabiwa tangu maziko, kwa hiyo bado. Wapo waliokua naye, wale unaosema hunywa naye kahawa jioni. Siku utakapowasikia wanamtania ndevu, wewe cheka nao, halafu umwambie ulikuwa kinyozi.

Mashine yako ya kunyolea, mama yako alimwazima jirani tangu Krismasi. Haijarudi.

Baba