Kabla ya kuchagua fizikia, isomeni hati ya mshahara

Ndugu Mhariri,

Kila matokeo ya Kidato cha Sita yanapotoka, wazazi wa vijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) na PGM (fizikia, jiografia na hisabati) huuliza kama fizikia inalipa. Mtaani huambiwa ama "haina ajira" ama "walimu wa sayansi hawatoshi". Yote mawili yana ukweli, maana yanazungumzia shahada mbili tofauti. Shahada ya Sayansi katika Fizikia, yaani fizikia tupu, si Shahada ya Sayansi na Ualimu, inayomwandaa mtu kufundisha, hata kama wanafunzi wa zote mbili hukaa ukumbi mmoja wakisoma mekanika na umeme.

Tuanze na deni. Tuchukue kijana aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) kwa asilimia 100, kwa ada ya Sh1,300,000 kwa mwaka. Miaka 3 ni Sh3,900,000. Bumu, yaani fedha ya chakula na malazi, ni Sh10,000 kwa siku, na likitoka mara 4 kwa siku 60 kila mara ni Sh2,400,000 kwa mwaka, yaani Sh7,200,000 hadi amalize. Vitabu, kwa Sh200,000 kila mwaka, ni Sh600,000. Fildi (mafunzo kwa vitendo) moja ya siku 56 ni Sh560,000. Jumla Sh12,260,000. Zaidi ya nusu ya deni hilo ni chakula na malazi, lakini familia hubishana wiki nzima kuhusu tofauti ya ada ya laki mbili kati ya chuo na chuo.

Sasa tuchukue mshahara wa mfano wa mwalimu wa serikali, Sh800,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5, Sh40,000. Kodi inakokotolewa kwenye Sh760,000 zilizobaki na inafika Sh68,000. Bima ya afya asilimia 3, Sh24,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, Sh16,000. Kisha HESLB asilimia 15, Sh120,000. Hapa ndipo wengi hukosea: asilimia hiyo 15 inakatwa kwenye mshahara wa msingi wote, si kwenye kinachobaki baada ya kodi. Mkononi zinabaki Sh532,000. Mshahara usipopanda, deni litachukua miezi 102 hivi, kama miaka minane na nusu. Ukipanda, na makato yanapanda, ila deni linaisha mapema. Tangu ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongezwa kwenye deni kila mwaka, ilipofutwa mwaka 2021, deni halivimbi tena, na hilo limewaokoa wengi.

Aliyesoma fizikia tupu hana mlango huo wa ualimu moja kwa moja. Akitaka kufundisha, arudi chuoni mwaka mmoja kwa stashahada ya uzamili ya ualimu. Hasara yake si ada peke yake: mara 12 ya Sh532,000 ni Sh6,384,000 ambazo mwenzake wa ualimu, akiwa amepata ajira, ameshazipokea. Wakati huo miezi 24 aliyopewa na HESLB kabla ya kuanza kulipa inazidi kuyoyoma.

Hatusemi fizikia tupu isisomwe. Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003 inamtaka kila mwenye mashine ya eksirei awe na leseni, na usalama wa mionzi ni kazi ya mwanafizikia kwelikweli. Hospitali zenye tiba ya mionzi, kama Ocean Road na Bugando, zinahitaji wataalamu wa fizikia ya tiba. Ila shahada ya kwanza haitoshi kwa kazi hiyo: kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ni shahada ya uzamili na mafunzo ya kliniki yasiyopungua miaka 2. Anayechagua njia hii apange tangu mwanzo gharama ya miaka 7 hivi, si 3. Fildi aifanyie penye vifaa vya kupima mionzi au vya kuhakiki mizani, si kwenye ofisi ya kupanga mafaili, na kozi za hiari achukue elektroniki na uandishi wa programu za kompyuta.

Hatari kubwa kuliko zote iko mwaka wa kwanza. Wengi hawaangushwi na fizikia yenyewe bali na hisabati yake: vekta, kalkulasi (calculus), milinganyo ya tofauti (differential equations). Sapu (mitihani ya marudio) zikirundikana mtu anadisko, yaani anaondolewa chuoni kwa kufeli, na aliyedisko anaondoka bila shahada huku kila shilingi aliyokopeshwa ikiendelea kudaiwa. Aliyepata E ya hisabati aichukue miezi ya kungoja chuo kufungua arudie kalkulasi ya Kidato cha Sita, mazoezi kila siku.

Tunaviomba vyuo viandike kwenye miongozo yao, kando ya jina la kila programu, kama mhitimu anaweza kuajiriwa kuwa mwalimu bila kusoma tena. Nayo Bodi ya Mikopo imwonyeshe mwombaji, kabla hajasaini mkataba, deni lake la miaka yote 3 kwa jumla moja, na makato yake ya mwezi kwa mshahara wa kuanzia.

Walimu wa fizikia,
Morogoro