Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Miche ya Kijani na Lebo Zetu

Ndugu wanachama,

Mtaniwia radhi nikianza na miche kabla ya fedha. Miaka mitano iliyopita mmea wetu wa Sarracenia leucophylla (mmea unaonasa wadudu kwa majani yenye umbo la mtungi), ule usio na wekundu hata chembe, ulitoa ua, nami nikalipaka chavua ya mmea wa kawaida wa spishi hiyohiyo. Mbegu zilikaa kwenye baridi na unyevu wiki sita, zikaota, na kila mche ukatoka na wekundu. Nilivunjika moyo kiasi cha kutaka kuigawa yote. Mzee mmoja miongoni mwetu alinizuia, akasema ukijani umejificha tu ndani ya miche ile, haujapotea.

Alisema kweli. Mwaka jana miche ile ilichanua, tukaichavusha kila mmoja kwa chavua yake yenyewe. Msimu huu, kwenye trei za mbegu, katikati ya wenzao wenye vishina vyekundu, imechomoza miche ya kijani kitupu toka shina hadi ncha. Nilipoiona niliita wenzangu kwa sauti.

Wekundu wa mitungi hii hutokana na antosianini, kemikali ya rangi ndani ya mmea. Mmea usioweza kuitengeneza umerithi jeni yenye hitilafu kutoka pande zote mbili. Ukipata nzima walau kwa mzazi mmoja, wekundu unajitokeza kama kawaida. Ndiyo maana kizazi cha kwanza huwa chekundu chote, na cha pili hutoa kijani kwa wastani wa mche mmoja kati ya minne. Sheridan na Mills walilithibitisha hilo kwa Sarracenia mwaka 1998. Kwa hiyo nawaomba sana: msitupe chotara wekundu wa mzazi wa kijani. Andikeni kwenye lebo mzazi wake ni yupi, mwaka gani, na nani aliyechavusha.

Nasisitiza lebo kwa sababu kazi ngumu zaidi ya kamati mwaka huu ilikuwa kupitia orodha yetu ya mimea ya rangi adimu, na baadhi tumelazimika kuiondoa. Mmoja nilinunua mwenyewe kwa muuzaji aliyeuita kijani kitupu. Ulikuwa umelelewa kivulini. Baada ya kukaa juani msimu mmoja, mishipa ya mtungi ikaanza kuiva wekundu. Mwanga hafifu hufifisha rangi ya karibu kila Sarracenia, kwa hiyo mtungi peke yake si ushahidi. Chunguzeni chipukizi linapotoka, tako la jani, na ua. Leucophylla ya kawaida ina petali nyekundu; ile isiyo na antosianini huchanua manjano.

Tumerekebisha pia kosa la miaka mingi kuhusu Sarracenia flava var. maxima. Mtungi wake ni wa kijani, lakini wekundu huonekana penye chipukizi, kwa hiyo haikai kundi moja na mimea isiyo na antosianini kabisa. Imehamia upande wa aina nyingine za flava: cuprea yenye kifuniko cha rangi ya shaba, na atropurpurea iliyoiva wekundu mtungi mzima. Hizo nazo zina thamani yake, na mimi binafsi sioni mtungi unaoishinda cuprea changa.

Wanachama wapya wameuliza kama mmea wa kijani hufa njaa kwa kukosa rangi ya kuvutia wadudu. Bennett na Ellison walipima jambo hilo kwa Sarracenia purpurea mwaka 2009, wakaona kinachovuta wadudu ni utamu wa nekta zaidi ya wekundu. Yetu inakamata nzi vizuri tu.

Kuhusu Nepenthes, jamii nyingine ya mimea ya mitungi, yenye michirizi myeupe, nashauri subira. Sehemu nyeupe haina umbijani, huungua upesi, na tawi linaweza kurudi kijani wakati wowote. Mbegu hazitegemewi kurithisha michirizi hiyo. Tutatumia vipandikizi, na hakuna atakayepewa kimoja mpaka mmea mama uimarike.

Pendekezo la kusajili jina la mmea wetu kwa ICPS, chama cha kimataifa cha mimea inayokula wadudu, chenye dhamana ya majina hayo tangu 1998, kamati imeliahirisha. Jina linataka sifa zinazodumu mmea unapozalishwa, nasi bado hatujaugawanya vya kutosha kuona kama zinadumu. Na yeyote anayepokea mmea kutoka nje ya nchi akumbuke kwamba Sarracenia na Nepenthes zote zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Bila vibali hatuupokei, hata uwe adimu vipi.

Hesabu za mweka hazina zimeambatishwa. Namshukuru yeye na katibu, aliyeandika upya kila lebo kwa mkono. Miche ya kijani itagawanywa ikishakaa juani msimu mzima, na watakaotangulia ni waliotunza wazazi wake wekundu miaka yote hii.

Mwenyekiti