Mafundi friji, tuambieni kwanza gesi imetokea wapi

Mhariri, habari za kazi. Mi ni msomaji wenu hapa Moshi, nakaa Pasua, nauza maziwa na mtindi. Naomba nafasi niseme hili la friji maana limenimalizia hela na machozi mwaka 2024 karibu wote, na najua siko peke yangu, mtaani kwetu tu nimehesabu nyumba nne zina friji iliyogeuzwa kabati la vyombo na ukiuliza unaambiwa fundi alikuja mara tatu akashindwa.

Friji yangu niliinunua mpya 2012 nilipopokea mchezo, ya milango miwili, friza juu. Kwangu friji sio ya kuwekea soda za wageni. Asubuhi napokea maziwa ya Kibosho, yasipouzwa yote lazima yalale kwenye baridi, alafu mama mkwe wangu anaishi na sisi, ana kisukari na anachoma insulini. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka, na iliyofunguliwa nyingi zinakaa nje kama wiki 4 tu kama joto halipandi kupita 25 au 30 kutegemea na aina, sasa Moshi mwezi wa pili unaijua mwenyewe. Kwa hiyo friji ikileta shida kwangu siwezi kusema ngoja mwisho wa mwezi.

Ilianza Februari. Inanguruma kidogo, inafanya tik, inanyamaza, baada ya dakika chache inarudia hivyo hivyo. Nikaita fundi wa kwanza, akashika shika kwa nyuma, hata mita hakutoa mfukoni, akasema, "Mama, kompresa imekufa, andaa laki mbili na thelathini." Kompresa ndo ile pampu ya nyuma inayosukuma gesi. Nilikuwa nimeshaanza kuzitafuta hizo hela. Ni shemeji yangu anayesuka mota ndo alinizuia, akasema shemeji, kompresa haihukumiwi kwa kusikiliza, ipimwe. Akaja fundi wa pili akapima, kumbe ni rilei, kile kiswichi cha kuiwasha kompresa, na ile ovalodi yake ndogo pembeni inayokata umeme kompresa ikipata moto, vimeungua. Vifaa pamoja na ufundi elfu 15. Friji ikawaka mbele yangu.

Akanielekeza na sababu, na hii naomba kila mwenye friji aishike. Kompresa ikizimika ghafla gesi inabaki imesukumwa upande mmoja, inahitaji dakika kama 3 hadi 5 presha itulie. Umeme ukikatika ukarudi papo hapo, kompresa inalazimishwa kuanza ikiwa imebanwa, inavuta umeme mwingi, inapata moto, ndo zinaungua rilei na siku nyingine waya za ndani kabisa. Jioni umeme ukiwa mdogo, taa zinakuwa nyekundu nyekundu, nako ni hivyo hivyo. Ndo maana kuna hizi friji gadi, inashikilia umeme dakika kadhaa kabla ya kuuruhusu na unaozidi au kupungua sana inaukata. Mi sikuwa nayo miaka 12 yote, nilidhani ni mapambo ya wenye hela. Kama huna, umeme ukikatika chomoa plagi na usiirudishe mpaka ukae dakika tano. Ukiwa umekatika usifungue fungue mlango, friji iliyofungwa inatunza baridi kama masaa 4.

Sasa Agosti ndo balaa lenyewe. Barafu ikawa inashika kona moja tu ya friza, kwingine pakavu, huku chini hakuna baridi, kompresa inafanya kazi usiku kucha haipumziki na ukiigusa inaunguza. Fundi (huyu ni wa tatu, yule wa rilei alikuwa amesafiri) akasema gesi imeisha, elfu 60. Akajaza, ikagandisha vizuri, nikashukuru Mungu. Wiki sita, kona moja tena. Akaja akajaza, elfu 50 kwa kuwa ni mteja. Wiki tatu. Siku hiyo nilimwaga lita 20 za maziwa na insulini ya mama ikahamia kwa jirani, mtu mzima anavuka barabara asubuhi na jioni kufuata dawa yake kwenye friji ya watu.

Jamani mafundi wetu, gesi ya friji haiishi! Sio kama mtungi wa kupikia. Ile ni gesi iliyofungiwa humo humo, inazunguka kutoka kompresa kwenda kwenye mabomba ya nyuma kutoa joto, inaingia friza kubeba joto la ndani, inarudi, mwaka hadi mwaka ni ile ile. Ikipungua maana yake kuna mahali imetoboka au kiungio kimelegea. Kujaza bila kutafuta tundu ni kuchota maji na ndoo inayovuja alafu unamdai mtu hela ya maji. Sisemi mafundi wote, yule wa rilei nikimkuta njiani namwamkia kwa heshima zote, ila huu mtindo umekuwa mkubwa mno hapa mjini na anayeumia ni mtu ambaye hajui aulize nini.

Yule wa rilei aliporudi akaleta mtungi wa naitrojeni, akapandisha presha, akapaka povu la sabuni kila kiungio. Povu likachemka ndani ya friza, kitundu kama ncha ya sindano. Barafu ikijaa tulikuwa tunaikwangua kwa kisu, wote pale nyumbani, mimi wa kwanza. Ile sahani ya friza ni aluminiamu nyembamba na gesi inapita humo humo, ukiichoma umetoboa bomba. Barafu inayeyushwa kwa kuzima friji na kuacha mlango wazi, ukiwa na haraka weka sufuria ya maji ya moto ndani, basi.

Hapo ndo swali lenyewe, nitengeneze au ninunue ingine. Akaniambia hesabu bila kuficha: kuziba tundu, kubadili filta, kuvuta vakyumu, yani kunyonya hewa yote iliyomo kwa pampu, maana unyevu umeshaingia, na gesi, laki moja na tisini. Mpya yenye ukubwa kama huo nilishaiuliza pale Double Road, laki sita na themanini. Watu wengi wana ile kanuni kwamba matengenezo yasipofika nusu ya bei ya mpya, tengeneza. Kwa kanuni hiyo nilitakiwa nitengeneze, mume wangu alisema hivyo na nilimwelewa. Lakini naiona kanuni hiyo inasahau vitu viwili, umri na luku.

Luku nilipima mwenyewe na ni kitu yeyote nyumbani anaweza. Saa 4 usiku nilizima kila kitu ikabaki friji peke yake, nikaandika uniti zilizobaki, saa 12 asubuhi nikasoma tena. Imekula 0.93 kwa masaa nane. Kwa siku ni kama 2.8, kwa mwezi uniti 84. Friji nzima ya saizi ile inatakiwa ile kama 0.8 kwa siku, yani 24 kwa mwezi. Sasa sisi tuko kwenye kundi la matumizi madogo, uniti 75 za mwanzo kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya makato, ukivuka hapo ni 350. Vitu vingine vyote nyumbani kwangu vinakula kama uniti 35. Na friji nzima ni 59, nalipa 5,900. Na friji mbovu ni 119, zile 44 za juu napigwa 350, jumla 22,900. Ni elfu 17 kila mwezi zinapotea, na kwa mwaka ni laki mbili na elfu nne. Hiyo ni hela ya matengenezo yenyewe na chenji inabaki! Nilikaa na daftari pale mezani nikaona nimeibiwa na kitu kilichosimama jikoni kwangu kimya kimya.

Fundi akaongeza kwamba kompresa ya miaka 12 iliyochemka miezi hiyo yote, na unyevu kwenye oili, hawezi kuisemea zaidi ya mwezi mmoja. "Mama, hela yako naitaka, lakini hii usinipe." Nimekuwa nikimwombea tangu siku hiyo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nimeupata kwa gharama. Kama ubovu uko nje ya mfumo wa gesi, tengeneza, usidanganywe ununue. Rilei, themostati ya kurekebisha baridi, feni, mpira wa mlango, hivyo ni vya elfu kumi, ishirini, thelathini. Jirani yangu mwalimu alikuwa anajiandaa kukopa anunue friji mpya, tukafunga noti ya elfu moja kwenye mlango ikachomoka yenyewe haina hata mkwaruzo, mpira ulikuwa umekauka. Elfu 25 ikaisha. Na alikuwa ameibana ukutani karibu na jiko la mkaa, mabomba ya nyuma yamejaa vumbi kama sufi, joto litatokea wapi? Lakini kama ubovu umeingia ndani ya mfumo wa gesi na friji imepita miaka kumi, pima luku kabla hujatoa hata shilingi.

Na kabla ya yote jua kama kweli haipoozi, sio kwa mkono. Kipimajoto weka kwenye glasi ya maji katikati ya friji, ilale humo, asubuhi soma. Chakula kinataka nyuzi 5 kushuka chini, friza 18 chini ya sifuri.

Wengi watasema si kuna za mtumba. Nilienda kuziangalia, laki tatu na nusu, zinang'aa kuliko mpya. Nikasoma ile karatasi ya ndani, imeandikwa SN. Herufi hizo zina maana. SN na N zimetengenezwa kwa mahali ambapo joto la chumba halizidi nyuzi 32, ST ni mpaka 38, T ni mpaka 43. Jikoni kwangu chini ya bati Februari joto linavuka 32, friji hiyo itakimbia mchana kutwa bila kufika. Labda aliyeko Arusha juu huko kwenye baridi itamfaa zaidi kuliko mimi. Angalia pia aina ya gesi. Ukikuta R12 na ilitengenezwa Ulaya, hiyo ni ya kama mwaka 1995 kurudi nyuma, na gesi yenyewe ilikomeshwa hata kwa nchi zetu ilipofika 2010 chini ya mkataba wa Montreal kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, sasa utaijaza nini?

Mi nilichanga na kikoba nikachukua mpya ndogo kidogo, T, gesi R600a gramu 48. Na hapa nina neno kwa mafundi tena. R600a ni ndugu wa gesi ya kupikia, inashika moto, huwezi kuwasha tochi ya kuchomelea ikiwa bado imo, na huwezi kuweka gesi nyingine kama R134a humo kwa kuwa ndo uliyonayo kwenye begi. Gramu 48 zinapimwa kwa mizani, hazipimwi kwa kushika bomba kama limepata ubaridi. Friji yangu ya zamani ilikuwa ya R134a gramu 140, ikavuja ya kiwandani, ikajazwa mara mbili ikavuja zote, gramu 420. Kilo moja ya gesi ile inapasha joto dunia kama kilo 1,430 za hewa ya ukaa kwa miaka 100, kwa hiyo friji yangu ni kama ilitoa kilo 600 za hewa hiyo kwa miezi michache, kisa hakuna aliyetafuta tundu.

Ninachoomba, mhariri, ni vijana wanaotoka VETA na mafundi wa zamani wakubaliane hapa mjini kwamba fundi akijaza gesi aandike kwenye risiti tundu lilikuwa wapi, gesi gani, gramu ngapi, na ataisimamia miezi mingapi. Karatasi moja tu. Na gazeti lenu mkitenga hata robo ukurasa kwa mwezi fundi mkweli ajibu maswali ya vyombo vya nyumbani, mtakuwa mmeokoa hela za watu wengi.

Friji ya zamani iko nje inasubiri mnunuzi wa vyuma. Kabla ya kuitoa nilimwambia fundi afungue milango yote miwili aiweke pembeni, maana watoto wa hapa jioni wanacheza kombolela na mtoto akijificha ndani mlango ukajifunga hamtamsikia.

Muuza maziwa,
Pasua, Moshi