Chunusi za Kamanda

Busia, Jumapili jioni

Mwanangu Musa,

Salaam sana. Sisi huku hatujambo, ila mama yako goti linamsumbua tangu mvua zianze. Dhumuni la barua hii ni ile siku ya wazazi. Nilifunga safari mpaka Mbale na kuku wa kukaanga kwenye bakuli, nikaambiwa uko chumba cha wagonjwa, nikakukuta umejifunika shuka la bluu gubigubi na huumwi kitu. Ulipofunua uso nikaelewa: chunusi. Ukasema mwalimu wako anadai chunusi ni za vyakula vya siku hizi, kisha ukaniuliza swali moja tu: "Baba, nyinyi zamani mlikuwa nazo hizi, au ni sisi wa siku hizi?" Nikakujibu ovyo, maana teksi ilikuwa inajaza abiria. Toka Mbale hadi Tororo nilikuwa nawaza jibu.

Nianze na Kamanda. Unamjua kwa picha ya sebuleni, yule dobamani mweusi niliyekabidhiwa nilipokuwa askari wa mbwa. Alikuja ana miezi sita hivi. Siku moja namlisha, nikaona kidevu na midomo vimetoka vipele vyekundu, vingine vina usaha kileleni. Nikadhani kachimba siafu. Daktari wa mifugo alimshika taya, akaligeuza kwenye mwanga, akacheka: "Afande, kijana wako anabalehe." Vikaisha vyenyewe alipokomaa. Kwa miaka mingi nikawa nawaambia makurutu kwamba mbwa hupata chunusi kama sisi.

Kumbe nilikuwa nadanganya nusu. Mbwa wa manyoya mafupi, kama dobamani na boksa, nywele zao ngumu za kidevuni hukatika na kurudi ndani ya ngozi, ngozi ikavimba, kisha bakteria wakapata nafasi. Ni jamaa wa chunusi, siyo chunusi zenyewe. Na yule paka wetu wa jikoni, mtazame ukija likizo: chini ya mdomo ana punje nyeusi kama machicha ya kahawa. Hizo zinakaribia zaidi za kwako, kwa sababu ni vitundu vya ngozi vilivyoziba kwa mafuta. Lakini paka huzipata umri wowote, hata aliyehasiwa, kwa hiyo kwake siyo habari ya kubalehe. Sungura naye, sehemu ya ndani ya sikio lake huziba upesi sana ikipakwa mafuta mazito, ndiyo maana watengenezaji wa vipodozi waliwahi kuitumia kupima kama krimu itamletea mtu chunusi. Maskini sungura.

Mnyama anayenifikirisha zaidi ni mbwa wa Mexico asiye na manyoya, anayeitwa Xoloitzcuintli (usiniulize linatamkwaje). Huyo ngozi yake iko uchi kama yetu, na vitundu vyake huziba mara kwa mara. Wapo wataalamu wanaosema kwetu pia tatizo lilianzia hapo: binadamu alipoteza manyoya, lakini tezi za mafuta zilizokuwa zikiyalainisha zikabaki, tena kubwa. Usoni unywele umekuwa mwembamba kiasi cha kutoonekana, na tezi iliyo ubavuni mwake bado inakamua kama ng'ombe wa maziwa. Weka ukucha wa kidole cha shahada kwenye paji la uso. Eneo dogo kama hilo, sentimita moja ya mraba, lina tezi kati ya 400 na 900. Na mafuta yenyewe ni ya pekee: ndani yake mna asidi ambayo wanyama wengine wenye nywele hawana, hata wanasayansi wakaiita sapieniki, kutokana na jina letu la Homo sapiens. Hivyo sokwe wa Kibale, pamoja na udugu wetu wote, mafuta haya hana.

Kwa hiyo chunusi za ujana, zinazokuja homoni zikipanda na sauti ikianza kukwaruza, ni zetu binadamu. Lakini za siku hizi? Hapana. Mrumi mmoja aitwaye Celsus, miaka karibu 2000 iliyopita, aliandika kuwa kutibu vipele vya usoni ni karibu na upuuzi, ila wanawake hawatakubali kuachishwa kujipamba. Nadhani hakuwahi kuwa na mtoto wa Senior Three aliyejifunika shuka.

Mwalimu wako hata hivyo hakusema uongo mtupu. Mwaka 2002 watafiti walitoa taarifa za kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea: waliwaangalia watu 1200, kati yao 300 wa miaka 15 hadi 25, hawakuona chunusi hata moja. Na Waaché wa Paraguay, watu 115, walifuatiliwa siku 843, vilevile hakuna. Watu hao wakati huo hawakuwa wakila vyakula vya kiwandani kama sisi. Wa Kitava walikuwa wakila viazi, magimbi, nazi na samaki. Sukari ikipanda ghafla kwenye damu huinua insulini, ile homoni inayodhibiti sukari, na insulini huzichochea tezi, kwa hiyo soda tatu kwa siku ninazojua unakunywa hazikusaidii. Ila wote wawili ni jamii ndogo zilizokaa pembeni, huenda ni damu yao pia. Shangazi yako wa Majanji kawalea wanawe kwa samaki na viazi vitamu, na yule wa pili uso wake ulikuwa kama gunzi.

Mimi je? Nilikuwa nazo, Musa, mashavu yote mawili. Nikiwa kurutu nilinunua tyubu mpakani, muuzaji akaapa kwa Mungu. Wiki mbili uso ukawa laini kama yai. Nilipoacha, vikarudi vipele vidogo vidogo vya ukubwa mmoja, vingi kuliko vya mwanzo, na ngozi ikawa nyembamba inawasha. Ilikuwa krimu ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Ile tyubu niliyoiona chini ya mto wako, jina limekwanguliwa, itupe leo.

Pia acha kujisugua na sabuni ya kufulia. Ule weusi wa kwenye vitundu siyo uchafu, ni mafuta na rangi ya ngozi vilivyopigwa na hewa. Usizikamue. Madoa meusi yaliyobaki si makovu, yatafifia kwa miezi.

Nimekutumia kwa dereva wa teksi dawa ya famasi, benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5. Osha uso na maji ya kawaida, paka kidogo usiku, usilipake doa tu, paka eneo zima. Wiki ya kwanza ngozi itakauka, na utasubiri kama miezi miwili kuona tofauti. Dawa hiyo inapausha nguo, kwa hiyo nimeweka ndani ya mfuko foronya nyeupe kuukuu. Shuka la bluu mpe dereva alirudishe, mama yako kalinunua juzi tu.

Nitakuja tena Jumapili ya mwisho wa mwezi na kuku. Nisubiri getini.

Ni mimi baba yako.