Kitundu cha Dirishani: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Habari ulizonitumia juma lililopita nimezisoma zote: ile ya ndege itakayoipita kasi ya sauti, ile ya teksi zitakazoruka juu ya foleni za magari, na ile ya watalii watakaolala angani huku wakiitazama dunia kupitia kioo. Uliniuliza nazionaje. Ujumbe wa simu haunitoshi kwa jambo kama hili, kwa hiyo nimeketi niandike barua, nawe utanivumilia nikionekana mgumu wa kufurahishwa, maana ahadi za namna hii nimezisoma tangu hujazaliwa.

Nianze na ile ya kasi, ambayo naona ndiyo iliyokusisimua zaidi. Imeandikwa kana kwamba jambo hilo halijapata kutokea, ilhali Concorde, ndege ya Waingereza na Wafaransa iliyoipita kasi ya sauti, ilianza kubeba abiria Januari 1976, ikawa inawatoa London na kuwafikisha New York kwa muda wa saa tatu na nusu hivi, yaani karibu nusu ya muda tunaoutumia leo. Ilistaafishwa mwaka 2003. Ajali ya Julai 2000 karibu na Paris, iliyoua watu 113, ilichangia, lakini hesabu zilikuwa zimegoma mapema zaidi: ndege ya abiria mia moja hivi, inayokunywa mafuta bila huruma, yenye kishindo ambacho mataifa mengi hayakukubali kipite juu ya vichwa vya raia wao, hubakiwa na bahari tu za kuvuka na matajiri tu wa kubeba. Mbio za sakafuni, kama walivyosema wazee. Na ile XB-1 iliyoipita kasi ya sauti Januari 2025, ambayo umeniletea picha yake, ni chombo cha majaribio chenye rubani mmoja na kisicho na kiti hata kimoja cha abiria. Sisemi kwamba ni kazi ndogo, bali kwamba kati ya chombo hicho na tiketi mkononi mwako kuna safari ndefu.

Hizo teksi nitazizungumzia siku nitakapoona ratiba yake na nauli yake. Kuhusu utalii wa anga, Mmarekani Dennis Tito alikwenda katika kituo cha kimataifa cha anga mwaka 2001 kwa takriban dola milioni 20, na tangu hapo sijaona dalili kwamba mtu wa kipato kama changu anasubiriwa huko.

Jambo ninalotaka ulitazame ni jingine. Jeti zilizoanza kuvuka Atlantiki na abiria mwaka 1958 ziliruka kwa mwendo wa karibu kilomita 900 kwa saa. Ndege tunazopanda leo ziko papo hapo, na baadhi huenda polepole kidogo ili kuokoa mafuta. Kwa zaidi ya miaka 60, abiria wa kawaida hakuongezewa kasi yoyote ya maana. Alichoongezewa ni uhakika wa kufika, na uhakika huo haukuletwa na wale wanaotangaza mapinduzi kila mwezi. Uliletwa na watu waliokaa chini na mabaki, wakapekua.

Chukua Comet ya Waingereza, jeti ya kwanza kubeba abiria kwa ratiba, iliyoanza Mei 1952 kwa safari ya kutoka London hadi Johannesburg. Mwaka 1954, katika kipindi cha miezi mitatu, mbili kati yake zilikatikia angani juu ya bahari karibu na Italia, na hakuna aliyejua sababu. Wachunguzi wa Farnborough, kituo cha utafiti wa ndege huko Uingereza, walichukua ndege nzima ya aina hiyo, wakakiingiza kiwiliwili chake ndani ya tangi kubwa, wakawa wanakijaza maji kwa shinikizo na kulishusha, wanakijaza na kulishusha, ili kuiga yanayoipata ndege kila inapopanda na kutua. Kilipasuka baada ya kufikisha jumla sawa na safari zaidi ya 3,000, ukihesabu na zile ilizokwisha kuziruka kwelikweli. Metali ilikuwa imechoka, na uchovu ulianzia kwenye pembe za matundu yaliyokatwa ubavuni, mahali ambapo nguvu hujikusanya. Ndiyo maana madirisha ya ndege zote ulizopanda yameviringwa pembe. Mimi naliona tangi lile kuwa ubunifu mkubwa kuliko nusu ya vitu vinavyoitwa ubunifu siku hizi, ingawa ukilipiga picha lingeonekana kama birika la kunyweshea ng'ombe.

Katika shughuli za kuchunguza Comet alihusishwa pia mwanakemia wa Australia, David Warren. Baba yake alipotea katika ajali ya ndege mwaka 1934, naye akiwa mtoto wa miaka tisa, na zawadi ya mwisho aliyompa ilikuwa redio ndogo ya kujiundia. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kufikiri kwamba kama sauti za marubani zingerekodiwa na kuhifadhiwa mahali pasipoungua, ndege iliyoanguka ingeweza kujieleza. Kwao hakusikilizwa upesi. Leo tunakiita kisanduku cheusi, ingawa hupakwa rangi ya chungwa ili kionekane kwa urahisi. Ndege ya Air France ilipozama Atlantiki Juni 2009 na watu 228, visanduku vyake vilitafutwa kwa takriban miaka miwili hadi vikapatikana kwenye kina cha karibu mita 3,900, navyo vikaeleza jinsi barafu ilivyoziba mirija ya kupimia kasi, na jinsi marubani walivyochanganyikiwa. Baada ya hapo mafunzo ya kuishika ndege kwa mkono ikiwa juu sana yalitazamwa upya. Habari kama hiyo hufuata miaka mingi baada ya msiba, katika ukurasa wa ndani, wakati wasomaji wamekwisha kuhamia kwingine.

Ukiniuliza basi nisome nini, nitasema nasoma ripoti za uchunguzi kwanza, na matangazo baadaye. Hata kero ndogo za uwanjani nimeanza kuzielewa kwa njia hiyo. Nilikasirika sana siku nilipoamriwa kufungua sanduku mbele ya foleni nzima ili nitoe pawabenki, kumbe betri ya lithiamu ikishika moto kwenye shehena hakuna wa kuifikia, ilhali ikifuka moshi juu ya kiti chako wahudumu wataishughulikia. Yako iweke kwenye mkoba wa mkononi.

Nina deni moja la kulipa kabla sijafunga. Ulipokuwa na miaka sita, katika safari yako ya kwanza, uliona kitundu kidogo chini ya dirisha, kimezungukwa na vijiua vya barafu, ukaniuliza ni cha nini. Nikakujibu kwa sauti ya mtu anayejua kwamba kinapitisha hewa ya kupumua. Nilikuwa nabahatisha. Dirisha lile lina vioo vitatu: cha nje ndicho kinachobeba shinikizo, cha kati ni cha akiba, na kitundu kimetobolewa katika hicho cha kati ili shinikizo lisawazike na mzigo ubaki kwa cha nje, tena hupunguza ukungu. Cha ndani, unachokigusa, ni cha kuvikinga hivyo viwili dhidi ya mikono ya watu. Nawe, kwa hofu kwamba hewa ingetuishia, ulikiziba kwa kidole hadi ukasinzia, kidole kikiwa bado juu ya plastiki.

Wako akupendaye,
Baba